Hawa Si Ndugu

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa na mtazamaji mmoja. Nimefasiri sinema mbele ya umati uliojaza uwanja wa shule kule Busunzu, nimefasiri katika kambi ya wakimbizi huku watoto wamekaa juu ya paa, lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mama mmoja aliyekaa peke yake kwenye benchi la pili, mchana, katika banda lake mwenyewe. Nitaifikia. Ninyi mnaofasiri filamu siku hizi kwa kompyuta mna haraka ya kufika mwisho. Mimi nafuata mkanda ulivyofungwa.

Nilianza kazi nikiwa katekista kijana, nimetoka chuo cha makatekista na Kiingereza kidogo na viatu vyangu vya kwanza vya kufunga kamba. Padre wetu pale Kasulu alihubiri kwa Kiswahili, na mimi nilisimama pembeni nikiwafasiria wazee kwa Kiha. Siku moja likaja gari la sinema, lile la kuzunguka vijijini kufundisha watu kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Fundi wa mashine aliitwa Mzee Saidi. Alizaliwa Kasulu katika ukoo wa wenye maduka, na shangazi zake walikuwa pwani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama kimepigwa pasi. Mkalimani wake alikuwa ameacha kazi akaenda kulima tumbaku. Mzee Saidi akamfuata Padre baada ya misa.

"Padre, niazime mdomo wa huyu kijana wako."

"Mchukue," Padre akasema, "ila Jumapili uurudishe."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Tangu hapo mdomo wangu ulikuwa wa Mzee Saidi Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili ulirudi nyumbani. Sikumbuki kama kuna mwaka waliugombania.

Siku ya kwanza niliharibu. Tulikuwa Munanila, karibu na mpaka, watu wamejifunika vitenge na mablanketi kwa baridi, shuka jeupe limefungwa kati ya miti miwili ya mikaratusi. Kwenye sinema mtu aliteleza akatumbukia mtoni, nami nikaanza kuwaeleza watu maana ya mto, hatari za mto, na kwamba Mungu ndiye aliyeumba mto. Mzee Saidi akachomoa waya wa kipaza sauti.

"Katekista," akaninong'oneza, "yule mtu ameshazama, ameshaokolewa, ameshakauka nguo. Wewe bado uko ukingoni."

Alinifundisha vitu vichache, lakini vyote nilivitumia mpaka mwisho. Funga kipaza sauti kwa leso safi, kwa sababu vumbi letu jekundu likiingia humo sauti inakuwa kama ya mgonjwa wa kifua. Weka jenereta upande ambao upepo unakwenda, si unakotoka. Tafuna kipande cha tangawizi kabla ya kuanza, usinywe maziwa. Jicho moja liwe kwenye shuka, jingine kwa watu. Wakianza kuzungumza na jirani zao, ama umechelewa ama umedanganya. Na kubwa kuliko yote, mahali pasipo na maneno usiweke maneno. Wakalimani wachanga wanauogopa ukimya kama mbwa aliyefunguliwa. Wanaujaza na lolote. Mzee Saidi alikuwa akiniwekea mkono begani, na maana yake ilikuwa: nyamaza, wanaona wenyewe.

Watu wetu walikuwa na swali moja kwa kila sinema: ni ya kweli au ni ya kutunga? Hawakuwa wakiuliza kama mambo yale yalitokea. Walikuwa wakiuliza kama watu wa aina ile wanaweza kuwepo. Na walikuwa na vipimo vyao. Cha kwanza kilikuwa salamu. Sisi Waha, kama mnavyojua, hatupiti mtu hivi hivi. Tunainama, tunapiga makofi ya taratibu, tunauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na tukimaliza tunaanza tena. Sasa kwenye sinema Mzungu anaingia ndani ya nyumba ya baba yake, anasema neno moja, anakaa. Pale Kibondo mzee mmoja alisimama akauliza kwa sauti, "Wamegombana lini hawa?" Nikamwambia hawajagombana. Akasema, "Basi hiyo ni ya kutunga," akachukua fimbo yake akaenda zake. Kuanzia siku hiyo nikawa nawaongezea Wazungu salamu. Mtu akisema neno moja, mimi nafasiri salamu nzima, na makofi napiga mwenyewe mbele ya kipaza sauti. Mzee Saidi alisema nimewapa Wazungu adabu kuliko mama zao.

Cha pili kilikuwa ndoa. Wazee hawakupenda kuona mwanamume na mwanamke wanakaa nyumba moja bila kujua wameoana vipi. Kwa hiyo nikawa nawaoza. Mara tu wanapotokea, nasema kwenye kipaza sauti, "Hawa walifunga ndoa mwaka jana, mahari ilitoka, wazazi walikubali," na wazee wanatulia. Katika maisha yangu nimefungisha ndoa nyingi kuliko paroko, na sikulipwa hata kuku. Ila kule Busunzu niliingia mtegoni. Niliwaoza wawili mwanzoni kabisa, vizuri, kwa shangwe. Kumbe mwisho wa sinema yule mwanamke anavaa shela na kuingia kanisani na mwanamume mwingine.

Uwanja ulilipuka. "Katekista! Huyu mama ana waume wangapi?"

"Wa kwanza amefariki," nikasema.

"Amefariki lini? Tulimwona sasa hivi anakula!"

"Malaria," nikasema. "Ya ghafla."

Mzee Saidi alicheka mpaka akalazimika kukaa chini kando ya jenereta. Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumwona hospitali katika ugonjwa wake wa mwisho, alifungua macho akaniuliza, "Katekista, yule mume wa Busunzu mlimfanyia arobaini?" Alizikwa siku iliyofuata. Nilisimama na wazee wa msikiti, nikamwombea kwa maneno yangu kimyakimya. Namshukuru Mungu kwa mtu yule kila ninapofunga leso kwenye kitu chochote.

Gari la sinema lilipoacha kuja, nilidhani kazi imekwisha. Lakini mabanda ya video yakafunguliwa mjini, kwanza kwa kanda, baadaye sidii, baadaye flashi, na watu wakataka sauti ya kuwafasiria. Banda nililofanyia kazi muda mrefu zaidi ni la Mama Ansila, jirani na soko la Kasulu: matofali ya kuchoma, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya zamani, shuka ukutani na mashine ndogo inayoning'inia darini. Ansila nilimfahamu tangu mtoto, nilimfundisha katekisimu. Mama yake aliingia kutoka Burundi akiwa amembeba mgongoni, na baadaye wote wakapata uraia. Akaolewa, akafiwa na mume, akajenga banda kwa nguvu zake. Ni mwanamke ambaye akikuambia benchi limejaa, hata ungekuwa wewe mwenye banda ungesimama.

Alikuwa na mdogo wake, Yohakimu, aliyechora mabango ya nje. Alikuwa na mkono mzuri sana, isipokuwa pua. Kila mwigizaji, awe Mhindi awe Mchina, alipewa pua kubwa ya ukoo wao. Watu walilipa kiingilio ili kuja kuona kama yule mtu kweli ana pua ile. Yohakimu alikuwa na rafiki, fundi cherehani wa Kibondo, na maneno ya mtaani yakaanza juu yao. Wengine walinijia mimi, katekista, wakitaka niseme neno. Niliwaambia Kanisa lina mahali pa kuungama, halina dirisha la kuchungulia ndani ya nyumba za watu. Lakini maneno hayakuisha. Yohakimu akaondoka kwa basi la asubuhi, akaenda nchi za kusini, akakaa huko miaka. Ansila hakumfukuza. Wala hakumwambia abaki. Aliniambia mwenyewe kwamba kati ya mambo hayo mawili hajui lipi linamuuma zaidi.

Mama yao alifariki Yohakimu akiwa huko. Ulipokaribia wakati wa misa ya kumaliza msiba, wakati huo mimi nimeshaaga banda na kukabidhi kipaza sauti, Ansila akaja nyumbani kwangu. Alipiga makofi, aliuliza habari za mke wangu, za wajukuu, za maharage. Nikajua lina uzito, maana aliuliza habari za maharage mara ya pili.

"Baba Katekista," akasema, "Yohakimu amepiga simu. Anataka kuja kwenye misa ya mama."

"Tumshukuru Mungu."

"Subiri. Amenitumia sinema." Akatoa simu yake akaishika kama mtu anayeshika yai. "Amesema: dada, maisha yangu sijui kukuelezea, lakini kuna sinema ya wanaume wawili, itazame. Ukiona ni ya uongo, usinipigie, nami nitaelewa, nitamwombea mama misa hukuhuku. Ukiona ni ya kweli, nipigie."

"Na wewe umeitazama?"

"Nimeangalia picha zinatembea. Kiingereza chao kinakimbia. Nataka unifasirie. Kwenye shuka, bandani, kama sinema."

"Mwanangu, unajua mimi ni nani. Unajua Kanisa linafundisha nini juu ya jambo hili."

"Najua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Sijakuomba mahubiri, Baba, mahubiri ninayo kwenye redio. Nakuomba ufasiri."

Kabla ya kila kazi nilikuwa na sala fupi ya kuomba sauti. Siku ile niliisali ndefu. Sikuomba kujua la kumwambia juu ya mdogo wake. Niliomba nisiwe kizuizi.

Tukafanya siku ya Jumatatu mchana. Ansila alifunga mlango wa mbele, na vijana wa bodaboda wakaanza kugonga.

"Mama, leo kuna mechi gani?"

"Hakuna mechi. Kuna fundi."

"Fundi gani, tunasikia sauti ya Mzee Katekista humo! Mzee wa Sauti, umerudi kazini? Mambo ni moto!"

"Ondokeni mlangoni kwangu," Ansila akasema, "au mechi ya Jumapili mtaitazamia kwenye ndoto." Wakaondoka. Kisha akajikatia tiketi, akaweka pesa yake kwenye kopo lake mwenyewe, akakaa benchi la pili na kuvua viatu. Nikamuuliza ya nini tiketi. Akasema asiyelipa hana haki ya kulalamika.

Nikafunga leso. Nikawasha.

Ni sinema ya wanaume wawili wa makamo katika mji wa baridi. Mmoja anaendesha basi la mjini, mwingine ni fundi wa meza na viti. Majina yao yalikuwa magumu, nami nikafanya kama tulivyozoea, nikawaita Dereva na Seremala. Inaanza asubuhi, ndani ya nyumba ndogo, Dereva anatafuta kofia yake na Seremala anamwonyesha kwa kidole bila kuinua macho. Mlango wa chumba uko wazi, kitanda ni kimoja. Na mdomo wangu, uliozoea kuwaoza watu miaka yote ile, ukaenda wenyewe.

"Hawa ni ndugu," nikasema kwenye kipaza sauti, "baba mmoja, mama mmoja. Wazazi walifariki wakawaachia nyumba hii."

Ansila alitazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Baba, simamisha. Mkubwa ni nani?"

"Dereva."

"Na nyumba ni ya nani?"

"Ya wote wawili."

"Na mdogo amekubali?"

"Amekubali."

"Hakuna aliyeita wazee wa ukoo? Hakuna aliyeweka mpaka katikati ya sebule?"

"Hapana."

"Wana kiwanja?"

"Kidogo, nyuma. Na bustani."

"Na bustani ni ya wote?"

"Inaonekana hivyo."

Akavuta pumzi ndefu. "Ndugu wa baba mmoja, nyumba moja, kiwanja kimoja, wanaonyeshana kofia asubuhi bila hata kununa. Baba, mimi nina kaka zangu wengine huko Munanila, nawajua ndugu. Hii ni ya uongo." Akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu, gizani. "Nilijua. Nimeshukuru. Basi sitapiga."

Nilisimama pale na kipaza sauti mkononi, na nikaona jambo lililonitia hofu. Mama huyu alikuwa amepima sinema kwa haki, kwa kipimo kizuri cha nyumbani, na alikuwa amekuta uongo kweli. Lakini uongo ule haukutoka kwenye shuka. Akivaa kiatu cha pili, Yohakimu hapigiwi simu, na sababu yake ni ule undugu nilioutunga mimi.

"Kaa, Ansila," nikasema. "Hilo la undugu ni langu. Wao hawakusema."

Akatulia na kiatu kimoja. "Walisema nini?"

Nikarudisha mwanzo. Kofia ikapotea tena, kidole kikanyooshwa tena. Kanisani sijawahi kumbadilishia Padre mahubiri, hata siku ambazo nilitamani sana. Nikasema kwenye kipaza sauti, taratibu, kama ninavyosoma somo, "Hawa si ndugu. Ni wanaume wawili. Wanapendana, na wanakaa pamoja miaka mingi."

Ansila akavua kile kiatu.

Tukaendelea. Niwaambie ukweli, vijana, sinema yenyewe si nzuri yote. Kuna mahali wanaonyeshwa wakiwa vijana, wamekumbatiana barabarani, mvua ya mawe inanyesha, na vinanda vinalia. Ansila akasema, "Hawa wana wazimu? Si kuna kibaraza pale!" Nikamwambia ni mapenzi. Akasema, "Mapenzi gani ya kutafuta nimonia. Hapo wametunga." Nilikubaliana naye. Mtu aliyewahi kunyeshewa Kasulu mwezi wa tatu hawezi kuwaamini.

Lakini kuna mahali wanagombana kwa sababu Seremala ameacha taa inawaka mchana kutwa, na Dereva anaizima, na mwenzake anaiwasha, na anaizima, mpaka Seremala anaenda kulala na njaa yake. Ansila akacheka peke yake gizani. "Marehemu mume wangu na jiko la mkaa," akasema. "Hivyo hivyo. Nilikuwa nalala na njaa, na yeye analala na njaa, na ugali uko mezani."

Kisha macho ya Dereva yanaanza kufa. Anaficha. Anazihesabu ngazi za basi kwa mguu, maana hazioni. Siku moja anagonga nguzo, wanampeleka hospitali, na nesi anamuuliza Seremala, "Wewe ni nani kwake?" Seremala anafungua mdomo, anafunga. Mwisho anasema, "Mimi nakaa naye." Nilifasiri hivyo hivyo, maneno matatu. Ansila alijifunga kitenge chake vizuri zaidi mabegani, ingawa mchana ule hapakuwa na baridi.

Halafu ikaja sehemu isiyo na maneno. Ni jioni. Seremala amepika samaki. Dereva amekaa mezani, macho yanatazama mahali ambapo hakuna kitu. Seremala anachambua samaki, anatoa miiba mmoja mmoja, anaiweka ukingoni mwa sahani. Hatumii uma. Anapapasa ile nyama kwa ncha ya kidole, anarudia, anapapasa tena pale alipokwishapapasa. Kisha anaisogeza sahani mbele ya mwenzake, na yeye anaanza kula wake uliopoa. Hakuna anayesema asante. Hakuna kinanda.

Ulimi wangu ulitaka kusema kitu. Lakini nilihisi mkono wa Mzee Saidi begani, kama zamani, nikanyamaza. Feni ya mashine ilikuwa ikizunguka darini, na nje sokoni mtu alikuwa akinadi dagaa.

"Anapapasa kwa kidole," Ansila akasema.

"Ndiyo."

"Si kwa uma."

"Si kwa uma."

"Mawe nilimchambulia hivyo," akasema. Mawe ndivyo tunavyomwita mama nyumbani. "Miezi ile ya mwisho, macho yalipokwisha. Samaki wetu wa migebuka. Ukitumia uma mwiba unakwepa, unaingia ndani ya nyama. Kidole ndicho kinachoona. Mimi hakuna aliyenifundisha, nilijua tu kwa woga. Ukiogopa mtu asikwamwe, kidole chako kinajua." Akanyoosha kidole kwenye shuka. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akatazama. Akaniambia nirudishe tena.

"Huyu aliyetengeneza hii," akasema, "ama alichambua, ama alichambuliwa. Hawezi kulitoa kichwani tu."

Tukaimaliza. Inaisha bila kutuambia kama Dereva alipona, ambalo ni kosa kwa mtu aliyelipa kiingilio, na Ansila alilisema. Nikawasha taa. Alikuwa amekaa na miguu mitupu sakafuni, tiketi yake ameikunja mpaka imekuwa kama mbegu ya mahindi.

"Baba Katekista. Wewe umetazama sinema maisha yako yote. Ni ya kweli?"

"Ya mvua wametunga," nikasema. "Taa ni kweli. Samaki ni kweli."

"Na kupendana kwao?"

Nilijua analouliza, na nilijua ananiuliza mimi, si mtu mwingine, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama mbele yake akiwa mtoto nikamfundisha amri za Mungu kwa kidole cha kuhesabia. Sikutaka kumdanganya kwa upande wowote.

"Yale niliyokufundisha sijayabadilisha," nikasema. "Na mengine ambayo sijaelewa nimemwachia Mungu, naye hajanilalamikia kwamba mzigo ni mzito. Lakini hukuniuliza kama ni halali. Umeniuliza kama ni kweli. Ni kweli, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea chenji sahihi. Akachukua simu. Nilitaka kutoka nje, akaniashiria nikae.

Ilipokelewa mara moja. Nadhani simu ya Yohakimu ilikuwa mkononi mwake muda wote.

"Yohakimu. Nimeitazama. Katekista amefasiri. Ndiyo, yupo hapa. Sasa nisikilize. Wale wa kwenye mvua ni waongo." Nikasikia kicheko kutoka kwenye simu, kile kicheko chake cha zamani cha puani, hata kutoka pale nilipokuwa nimekaa. "Ndiyo. Waongo wakubwa. Misa ni Jumamosi. Uje Ijumaa, na ulale kwangu, usinitie aibu kwa kulala gesti. Watu watasema? Waseme, mimi nina banda, nimezoea kelele." Akasikiliza. "Najua. Najua, mdogo wangu. Na mimi pia sikukwambia ubaki. Tutaongea ukija."

Nikadhani anakata. Hakukata. Alikuwa akilitazama shuka jeupe ukutani, ambalo halikuwa na kitu tena.

"Yohakimu," akasema, na sauti ikashuka. "Huko uliko. Nani anakuchambulia samaki?"

Jibu sikulisikia, na halikuwa langu. Lilikuwa refu. Ansila alilisikiliza lote bila kukatiza, na uso wake haukukunjamana wala haukufunguka, ulikaa tu vile unavyokaa anapohesabu watu wanaoingia mlangoni.

"Haya," akasema mwishoni. "Yupo hapo karibu? Basi mpe simu anisikie."

Akaibana simu kati ya sikio na bega ili mikono iwe huru. Akainama kidogo pale kwenye benchi, akaanza kupiga makofi, yale ya taratibu, ya viganja vilivyokunjwa kidogo, tunayompigia mtu aliyesimama mbele yetu. Akamuuliza habari za hapo nyumbani. Akamuuliza habari za kazi. Akamuuliza habari za mvua za huko. Alipomaliza, akaanza tena.

Mimi nikafungua leso kwenye kipaza sauti, nikaikunja, nikaitia mfukoni.